UZI: Mheshimiwa akisema "tutasafisha ziwa", anaahidi kazi gani hasa?

1/
Uzi wa wiki hii ni wa maji ya ziwa. Kanuni ni ile ile: hapa hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukija kwa majibu na jina la mtu wako nitakupita tu. Tunataka kuelewa hoja yenyewe, ndio siku ukipewa kipaza sauti kwa baraza uulize swali lenye meno.

2/
Uzi huu umeanza na simu. Nyanya yangu anaishi karibu na ufuo, upande wa Kendu Bay. Jumapili alinipigia akaniuliza: "Maji yamegeuka kijani tena. Nikichemsha vizuri si ni sawa?" Nikamjibu mbio mbio, "Ni sawa Dani, chemsha tu." Nilipokata simu nikapata shaka, nikaanza kusoma. Kumbe nilikuwa nimempa jibu baya, tena jibu ambalo watu wengi wangelitoa. Nitaeleza kwa namba 8.

3/
Jioni hiyo hiyo kulikuwa na mjadala kwa redio kuhusu ziwa. Mgeni wa kwanza: tutaleta mashine ya kuondoa magugumaji. Wa pili: tutajenga mtambo mkubwa wa maji. Wa tatu: jamani, hili ziwa ni la nchi tatu, sisi peke yetu tutafanya nini? Saa nzima imeisha, na hakuna hata mmoja aliyesema kitu ambacho kingemsaidia Dani na mtungi wake. Hizo hoja tatu utazisikia kila msimu wa kampeni, kwa hivyo tuzipitie moja moja.

4/
Kwanza, jambo ambalo ukilishika utauelewa uzi wote. "Kusafisha ziwa" na "kupata maji salama ya kunywa" ni kazi mbili.

Kazi ya kwanza: kuzuia uchafu usiingie ziwani.
Kazi ya pili: kuchukua maji ya ziwa, kuyatibu, na kuyafikisha kwa bomba yakiwa bado salama.

Kila kazi ina ofisi zake, bajeti yake na muda wake. Kwa majukwaa huchanganywa, na zikichanganywa kila mtu anaweza kusema kazi hiyo ni ya mwenzake.

5/
HOJA: "Ziwa ni la nchi tatu."

Ni kweli. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita mraba 68,800 na Kenya ina karibu asilimia 6 tu. Mwaka wa 2003 nchi za Afrika Mashariki zilitia sahihi itifaki ya bonde la ziwa, na tume inayolishughulikia iko Kisumu. Mazungumzo ya nchi tatu ni ya lazima.

Lakini angalia ramani. Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay ziko kwenye Ghuba ya Winam. Ghuba hiyo yote iko ndani ya Kenya. Mito mikubwa inayoingia humo, Nyando na Sondu-Miriu, huanzia na kuishia Kenya. Uchafu unaokuja na mito hiyo haukupita mpaka wowote.

6/
Tena Winam si kama ziwa lenyewe. Ni ghuba isiyo na kina: sehemu kubwa haifiki mita 10. Na imeungana na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba upande wa Rusinga. Maji yake hayabadilishani haraka na maji ya nje. Ifikirie kama karai pembeni mwa bwawa: ukimwaga kitu kwa karai, kinakaa kwa karai.

Kwa hivyo mtu akikwambia "ziwa ni la nchi tatu", muulize kwa upole: "Na Winam je?"

7/
Uchafu wa Winam unatoka wapi? Kuna milango mitatu mikubwa.

Udongo na mbolea. Mvua ikinyesha kwenye milima ya Nandi na Kericho, mashamba yasiyo na kinga hutiririka. Umeiona Nyando wakati wa mafuriko? Rangi ya chai ya maziwa.

Majitaka. Nyumba nyingi za miji yetu hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Ni vyoo vya shimo, matanki ya chini, na mitaro. Mwaka wa 2020 ziwa lilipofurika, maji yaliingia hadi kwenye maboma ya watu na vyoo vyao.

Viwanda, karakana na sehemu za kuoshea magari kando ya mito na ufuo.

Vitu hivi hubeba fosforasi na naitrojeni, yaani chakula cha mimea. Ukilirutubisha ziwa, kitu kitaota. Hapo ndipo mwani unachanua na maji yanakuwa kijani kama rangi ya ukuta.

8/
Sasa swali la Dani.

Kuchemsha huua viini: kipindupindu, homa ya matumbo, amiba. Kwa hayo, kuchemsha ni silaha nzuri na tuendelee nayo.

Lakini ule ukijani mara nyingi ni bakteria za jamii ya sianobakteria, na baadhi yake hutengeneza sumu iitwayo mikrosistini, ambayo hudhuru ini. Sumu si kiini, haina uhai wa kuuliwa. Moto wa jiko hauiondoi. Kibaya zaidi, ukichemsha maji yakiwa bado na mwani ndani, zile chembe hupasuka na kuachilia sumu iliyokuwa imefungiwa. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha mikrogramu 1 kwa lita kwa aina kuu ya sumu hiyo, kwa maji ya kunywa ya kila siku. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na huwezi kuiona wala kuionja.

Si kila maji ya kijani yana sumu. Tatizo ni kwamba kwa macho hutajua.

9/
Kwa hivyo nilimpigia tena. "Dani, nisamehe, nilikosea." Nikamwambia hivi, na wewe mwambie wa kwenu:

Maji yakiwa na utando wa kijani, usiyanywe wala usiyapikie kama kuna chanzo kingine. Maji ya mvua kutoka kwa mabati, kisima kilicholindwa, kioski cha bomba. Usinyweshe hata ng'ombe hapo.

Kama huna budi, enda mbali na utando, sehemu wazi. Chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa KABLA ya kuchemsha au kutia dawa. Hiyo hupunguza mwani, haiondoi sumu ambayo tayari imeingia majini.

Klorini ya nyumbani ni nzuri sana kwa viini. Kwa maji ya kijani si hakikisho, maana uchafu wenyewe huila ile dawa kabla haijafanya kazi.

Alisikiliza, akaniuliza: "Na mvua isiponyesha?" Sikuwa na jibu. Swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu mmoja na sufuria yake, na ndio maana hii ni siasa.

10/
HOJA: "Tutaleta mashine ya magugumaji."

Hii ndiyo ahadi inayopigwa picha zaidi. Magugumaji yalitoka Amerika Kusini na yakaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia 1998 yalikuwa yamefunika sehemu kubwa ya Winam. Boti hazitoki, samaki hawavuliwi, bandari imefungwa.

Mwaka wa 1997 wadudu wadogo wanaokula mmea huo waliachiliwa upande wa Kenya. Baadaye ikaletwa mashine ya kuyakatakata. Kufikia mwaka wa 2000 hivi magugu yalikuwa yamepungua sana. Watu wakasherehekea. Baada ya mvua kubwa ya 2006, yakarudi.

11/
Kwa nini yalirudi? Mbegu zake hukaa kwenye matope miaka mingi zikisubiri. Na mmea ukipata chakula cha kutosha huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Ukiyakatakata na kuyaacha majini, yanazama, yanaoza, na kile chakula kinarudi kwa maji. Upepo ukigeuka, ufuo uliosafishwa asubuhi unafunikwa jioni.

Simaanishi mashine ni bure. Mvuvi ambaye boti yake imekwama anahitaji njia leo. Lakini magugumaji ni kama homa: inakuonyesha kuna ugonjwa. Ukiahidiwa mashine, uliza vitu viwili. Magugu yakitolewa yatapelekwa wapi? Na ile fosforasi inayoyalisha itapunguzwa na nani, lini?

12/
HOJA: "Tutajenga mtambo mpya wa maji."

Hii ni kazi ya pili, na ni ya maana sana. Maji machafu ya ziwa YANAWEZA kuwa maji salama. Si uchawi, ni hatua kama tano:

Wavu wa kuzuia takataka.
Shabu, ile alumini salfeti, hutiwa ili chembe za matope na mwani zishikane ziwe mabonge.
Mabonge hutuama chini kwenye matanki.
Maji ya juu hupita kwenye kichujio cha mchanga.
Mwishoni klorini, ya kuua viini vilivyobaki, na akiba ya klorini ibaki ndani ya maji hadi yafike kwako.

Kisumu kwa mfano huchota maji ziwani pale Dunga na kwenye mto Kibos pale Kajulu, kisha yanapitia hatua za namna hii.

13/
Hatua hizo hutegemeana. Maji yakifika kwenye klorini yakiwa bado na matope, viini hujificha nyuma ya chembe, dawa haivifikii. Na kama kuna mwani, kanuni ni kuutoa ukiwa mzima, kwa shabu na mchanga. Ukimwaga klorini nyingi mapema, chembe zinapasuka na sumu inaachiliwa, ukawa na kazi nyingine juu ya kazi. Klorini inaweza kuivunja sumu hiyo mtamboni, lakini kwa kipimo sahihi, muda wa kutosha na mtu anayepima. Tone la kubahatisha halitoshi.

Yaani mtambo ni watu pia: fundi wa zamu usiku, maabara yenye dawa za kupimia, stoo yenye shabu. Utepe hukatwa siku moja. Shabu hununuliwa kila mwezi.

14/
Hapa ndipo zile kazi mbili zinakutana, na naomba usome pole pole.

Maji yakija machafu zaidi, mtambo unahitaji shabu zaidi. Vichujio vinaziba haraka, lazima vioshwe mara nyingi, na kuviosha kunatumia maji yale yale yaliyosafishwa na umeme. Klorini inaliwa zaidi. Hayo yote huingia kwenye gharama, na gharama huingia kwenye bili, au mtambo unazimwa na mtaa unakaa mkavu.

Kwa hivyo aliyemwaga uchafu kule juu ya mto hajalipa. Aliyelipa ni mama wa Nyalenda au Manyatta anayenunua mtungi.

15/
Na analipa vipi? Tupige hesabu rahisi. Tuseme mtungi wa lita 20 ni shilingi 10. Lita 1,000 ni mitungi 50, yaani shilingi 500. Mwenye bomba ndani ya nyumba hulipa chini ya hapo kwa mbali kwa maji kiasi kile kile. Siku za ukame au mtambo ukizima, bei ya mtungi inapanda. Anayeishi mbali na bomba ndiye anayelipa zaidi kwa kila lita, na bado hana uhakika mkokoteni umechota wapi.

Kila mara nikisikia "watu hawataki kulipia maji", hesabu hii hunijia. Maskini wa mjini wanalipa kila siku, pesa taslimu.

16/
Tuongee bomba pia, maana hapa mijadala hunyamaza. Kwa wastani nchini, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa hupotea kabla ya kulipiwa: mabomba yanayovuja, mita mbovu, na waliojiunganishia kisiri. Karibu nusu ya ile shabu tumeitia kwa maji yasiyolipiwa.

Na ufa unaotoa maji nje unaweza kuingiza uchafu ndani. Maji ya mgao yakikatwa, bomba linabaki bila nguvu, na majimaji ya mtaro unaopita juu yake yanafyonzwa ndani. Maji yalitoka mtamboni safi, yakafika kwako na kipindupindu. Ndio maana ile akiba ya klorini ni muhimu.

Kwa hivyo kabla ya kushangilia mtambo mpya, uliza wa zamani unapoteza asilimia ngapi. Kuziba mabomba hakuna utepe wa kukata, lakini mara nyingi ni maji ya haraka kuliko kujenga.

17/
Sasa: kazi ni ya nani? Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne.

Huduma za maji na usafi ni za KAUNTI. Kampuni ya maji ya mji wako huwa ni mali ya kaunti. Kuondoa taka ngumu pia ni kaunti.

Kulinda mazingira na vyanzo vya maji, pamoja na maji yanayovuka mipaka ya nchi, ni kazi ya SERIKALI YA KITAIFA.

Mitambo mikubwa mara nyingi hujengwa na mashirika ya kitaifa ya uendelezaji wa maji, aghalabu kwa mkopo, kisha inakabidhiwa kampuni ya kaunti iiendeshe kwa pesa za bili. Bei ya bili nayo huidhinishwa na mdhibiti wa kitaifa, WASREB.

Umeona shida? Mmoja anajenga, wa pili anaendesha, wa tatu anapanga bei. Mambo yakienda vizuri wote watatu wako kwenye picha. Yakiharibika kila mmoja ana kidole cha kunyoosha.

18/
Na wanaochafua? Kuna sheria ya mazingira ya 1999, na ndani yake kanuni kwamba anayechafua alipe. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilisema anayemwaga maji machafu kwa mazingira awe na leseni ya NEMA na atimize viwango. Sheria haikosekani kabisa. Kinachokosekana mara nyingi ni matokeo ya vipimo kuwekwa wazi, ili mwananchi ajue nani amepita na nani ameanguka.

Kumbuka pia: wachafuzi si viwanda peke yake. Mtambo wa majitaka wa mji ukiharibika au ukizidiwa, kinachoingia ziwani ni chetu sote, na mwenye mtambo ni kaunti. Gavana anaweza kuwa mlalamikaji na mlalamikiwa siku hiyo hiyo.

19/
Nitoe haki kwa upande wa pili, maana hii hoja ni ya kweli: "Mkibana viwanda na wakulima, ajira zitaenda." Kwenye ukanda wa miwa, kiwanda kikifungwa mji mzima unalala njaa. Mkulima wa mlimani naye hamwagi udongo wake kwa kupenda. Udongo ule ulikuwa mavuno yake.

Lakini ziwa pia lina ajira. Mvuvi, muuza samaki, mama wa mkahawa pale ufuoni, mwenye boti ya watalii. Kazi zao zikipotea kidogo kidogo hakuna anayeitisha kikao na wanahabari.

Swali la siasa hapa ni gharama igawanywe vipi. Mkulima anaweza kusaidiwa kupanda nyasi na miti kando ya mto na kutengeneza matuta. Kiwanda kinaweza kupewa ratiba ya kujenga mabwawa ya kusafishia, yenye tarehe na adhabu. Kumuachia mnunuzi wa mtungi gharama yote pia ni uamuzi, ingawa hakuna aliyeupigia kura.

20/
Na kaunti za ufuoni haziwezi peke yao. Gavana wa kando ya ziwa hana mamlaka juu ya shamba lililo Nandi au Kericho. Ndio maana ahadi ya "nitasafisha ziwa" kutoka kwa mtu mmoja, wa kaunti moja, ina shimo. Ahadi nzuri itataja atakaa na nani wa juu ya mto, na nini kitawekwa mezani. Wa juu akiambiwa alinde mto kwa faida ya wa chini, ana haki ya kuuliza: na mimi napata nini?

21/
Maswali matano ya kubeba kwa baraza. Hifadhi hii:

Moja. Ahadi yako ni kazi ya kwanza (kuzuia uchafu) au ya pili (kutibu maji)?
Mbili. Ni ofisi gani ina mamlaka hayo kisheria, na je, ndiyo unayogombea?
Tatu. Pesa ya kujenga inatoka wapi, na pesa ya shabu, umeme na mafundi mwaka wa tatu inatoka wapi?
Nne. Maji yanayopotea bombani sasa ni asilimia ngapi, na utayashusha hadi ngapi?
Tano. Matokeo ya vipimo vya maji yatabandikwa wapi, kila baada ya muda gani, na mwani vitaupima?

Akijibu hata matatu kwa ukamilifu, msikilize. Akirudi kwa mashine ya magugumaji, umeshajua.

22/
Huna haja ya kungoja kampeni. Una zana tayari:

Kifungu cha 43 cha Katiba: haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 42: haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70: unaweza kwenda kortini kuhusu mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe au mtu mwingine ameumia tayari.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016: andika barua kwa ofisi ya umma uombe matokeo ya vipimo. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, sheria inasema hivyo. Wana siku 21 kukujibu, na kama habari inahusu uhai wa mtu, saa 48. Kutuma ombi hakulipishwi.

Bajeti ya kaunti: makadirio hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Katikati hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo huwa na viti vitupu. Enda na swali la tatu.

23/
Watu huniuliza, "Sasa barua itabadilisha nini?" Peke yake, kidogo. Lakini ofisi ikipata barua arobaini kutoka wadi moja, zote zikiuliza matokeo ya vipimo vya mwezi uliopita, mtu fulani atalazimika kuvitafuta. Na kama vipimo havipo, hiyo nayo ni habari. Mjadala wa redio unaofuata utaanzia mahali tofauti.

24/
Namaliza na Dani. Juzi amenitumia ujumbe kupitia kwa binamu yangu: wameweka mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa, na tangi la kuazima. Mvua ya kwanza wameimwaga ioshe paa, ya pili wamekinga. Amefurahi. Lakini ana jirani mwenye paa la nyasi, na huyo bado anashuka ziwani na mtungi, anachuja, anachemsha, na anategemea Mungu.

Barua yangu ya kuomba vipimo vya maji ya ufuo ule nimeiandika jana, kwa Kiswahili, nusu ukurasa. Nimeanza kuhesabu siku 21. Wakijibu nitaweka majibu hapa. Wasipojibu, nitaweka hiyo pia.

25/
Mwisho wa uzi. Kama uko karibu na ziwa, niambie hapo chini: maji yenu yana rangi gani wiki hii, na mtungi ni pesa ngapi? Na kama una nyanya ambaye anachemsha maji ya kijani, mpigie simu leo kabla hujasambaza huu uzi. Wiki ijayo: "ushuru wa kaunti", na kwa nini mama mboga hulipa mara tatu. Muwe salama.